Tawi lenye asilimia mia

Mti wa kwanza wa mageuko, yaani mchoro wa nasaba ya viumbe, nilioujenga mwenyewe kwa kompyuta ulinionyesha kwamba binadamu ana undugu wa karibu zaidi na kuku na chura kuliko na farasi, mbwa, sungura na panya. Tawi lililomtenga binadamu na wanyonyeshaji wenzake lilikuwa na namba 100 pembeni yake, maana yake programu ilirudia hesabu mara 1,000 na tawi hilo likajitokeza kila mara bila kukosa. Nilikuwa mgeni katika kazi hii, lakini ugeni wangu haukufika kiasi cha kudhani kwamba nimegundua jambo. Nilijua kuna kitu kimeharibika njiani. Kilichonikosesha usingizi ni ile namba. Kama mti wenyewe ni wa uongo, uhakika wote huo umetoka wapi?

Nilikaa nao siku mbili, nikabadilisha mipangilio ya programu, nikaijaribu programu nyingine, na kila mara mti ukarudi vilevile. Siku ya tatu nilimwonyesha mtu aliyenitangulia sana katika kazi hii. Hakuuangalia mti hata kidogo. Aliomba kuona mifuatano yenyewe, yaani mistari ya herufi zinazowakilisha molekuli ya kila mnyama, akaipitisha macho, kisha akauliza, “Una hakika hii yote ni jeni moja?” Nikajibu kwa kujiamini kwamba yote ni hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Akanyamaza, akaweka kidole kwenye kioo, mahali ambapo mstari wa binadamu, wa kuku na wa chura ilikuwa na pengo palepale, ilhali mistari mingine mitano ilikuwa na herufi.

Hemoglobini ya damu yetu imeundwa kwa minyororo ya aina mbili, alfa na beta, na kila aina ina jeni yake. Zamani za kale jeni hizi zilikuwa moja. Zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita jeni hiyo ilijirudufu ndani ya jenomu, yaani jumla ya DNA, ya babu wa wanyama tunaowazungumzia hapa, na tangu hapo kila nakala ikashika njia yake, hata leo alfa ya binadamu ina asidi amino (viungo vinavyounda protini) 141 na beta yake ina 146, nazo zinafanana katika nafasi zisizofika nusu. Mimi nilikuwa nimeokota alfa ya binadamu, ya kuku na ya chura, kisha beta ya farasi, mbwa, sungura, panya na bata, kwa sababu tu kumbukumbu nilizozipakua zilikuwa na neno hemoglobini na sikusoma zaidi ya hapo. Alfa ya binadamu na alfa ya farasi hutofautiana katika nafasi 18 tu. Hayo waliyaonyesha Emile Zuckerkandl na Linus Pauling tangu mwaka 1962, walipotoa hoja kwamba tofauti za namna hii zinaweza kutumika kama saa ya kupimia muda tangu spishi zitengane. Ningeanza kwa kuhesabu herufi kwa mkono, kama walivyofanya wao, ningeliona kosa langu kabla ya kuiwasha programu.

Programu haikukosea hata chembe. Alfa ya binadamu kweli ina undugu wa karibu zaidi na alfa ya chura kuliko ulio kati yake na beta yoyote, hata beta iliyo ndani ya damu ya binadamu huyohuyo. Jeni zilizotengana kwa sababu spishi zilitengana ni jambo moja, na jeni zilizotengana kwa sababu zilijirudufu ndani ya kiumbe kimoja ni jambo la pili. Walter Fitch ndiye aliyezitenganisha kwa majina mwaka 1970, za kwanza akaziita otholoji na za pili paraloji. Nilikuwa nimeyasoma hayo, na hata mtihani wake niliufaulu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na ugomvi wa kudumu na namba 100. Chimbuko lake ni njia aliyoipendekeza Joseph Felsenstein mwaka 1985, ambayo wataalamu huiita butistrapu, nayo inafaa ielezwe polepole kwa kuwa wengi wetu tunaisoma vibaya. Chukua mifuatano iliyokwisha kupangwa sambamba, mstari mmoja kwa kila spishi, tuseme yenye safu wima 600. Kompyuta inachota safu moja kwa bahati nasibu, inaiandika pembeni, inairudisha kapuni, inachota tena, mpaka zitimie 600. Katika jedwali jipya linalopatikana, baadhi ya safu zimeingia mara mbili au tatu, na takriban asilimia 37 hazikuingia kabisa. Jedwali hilo linajengewa mti wake. Kazi yote inarudiwa mara nyingi, kisha inahesabiwa ni miti mingapi iliyo na tawi fulani. Kinachopimwa hapo ni kama data zinasema neno lilelile hata zikichanganywa. Shahidi aliyekaririshwa uongo, ukimwita mara elfu, atakupa uongo uleule mara elfu bila kigugumizi.

Mambo mengi yanaweza kumkaririsha shahidi huyo kabla hajafika mbele ya programu, na la kwanza ni upangaji wa mifuatano. Ili spishi zilinganishwe, ni lazima kila herufi iwekwe chini ya herufi yenye asili moja nayo, jambo linaloonekana jepesi mpaka ukutane na mfuatano uliopoteza au ulioongeza herufi. Weka ACGGTA juu ya ACGTA. Bila shaka kuna G moja iliyopotea katika ule wa chini, au iliyoongezeka katika ule wa juu, lakini ni ipi kati ya hizo mbili? Pengo linaweza kuwekwa kulia au kushoto, na hakuna hesabu yoyote itakayokuambia ukweli, kwa kuwa herufi mbili zilizofanana hazina alama ya kuzitofautisha. Hapa uchaguzi wowote hauleti madhara. Katika jeni yenye maelfu ya herufi, ambayo sehemu zake nyingine zimebadilika mno, chaguzi za namna hii ni mamia, na programu ya kupanga huzifanya zote kimyakimya halafu ikakukabidhi jedwali safi. Mimi bado hulifungua jedwali hilo na kulisoma kwa macho, safu kwa safu, ingawa wenzangu wenye jenomu nzima mikononi huniona mtu wa zamani.

Jedwali likishakuwa tayari, swali ni mti upi kati ya miti yote inayowezekana unaolieleza vizuri zaidi. Kwa spishi 4 iko miti 3 tu isiyo na mzizi. Kwa spishi 10 iko 2,027,025. Kwa spishi 20 idadi hiyo ina tarakimu 21, na hakuna kompyuta itakayoipitia yote, kwa hiyo programu huanza na mti mmoja wa kukisia, hung'oa tawi na kulipandikiza pengine, huangalia kama hali imekuwa nafuu, na kuendelea hivyo hadi isiweze kupata nafuu zaidi.

Nafuu hiyo hupimwaje? Kanuni ya kale na rahisi kuielewa ni ile ninayopenda kuiita ya ubahili, yaani mti bora ni ule unaohitaji mabadiliko machache kuliko miti mingine. Chukua spishi nne na safu moja ambayo mbili za kwanza zina A na mbili za mwisho zina G. Mti unaoziweka mbili za kwanza pamoja unahitaji badiliko moja, na miti mingine miwili inahitaji mabadiliko mawili kila mmoja. Safu hiyo imeshapiga kura. Safu yenye A, A, A na G haina kura yoyote, kwa kuwa miti yote mitatu inahitaji badiliko moja tu. Uzuri wa ubahili ni kwamba unaweza kuufanya kwa kalamu na karatasi na ukaona kila kura ilikotoka.

Udhaifu wake ni kwamba unaamini kile kinachoonekana. Herufi za DNA ni nne tu, na nafasi moja inaweza kubadilika mara nyingi kwa muda mrefu, A ikawa G, kisha ikawa T, kisha ikarudi kuwa A, nasi tukaona A na A tukadhani hapakutokea kitu. Mwaka 1969 Jukes na Cantor walitoa hesabu ya kurekebisha jambo hilo, wakichukulia kwamba kila herufi ina nafasi sawa ya kugeuka kuwa nyingine yoyote. Ukiona tofauti katika asilimia 10 ya nafasi, mabadiliko ya kweli kwa kila nafasi ni kama 0.107, karibu sawa na ulichokiona. Ukiona asilimia 30, yanakuwa 0.38. Ukiona asilimia 60, yanaruka hadi 1.2, kwa maana kwamba kwa wastani kila nafasi imebadilika zaidi ya mara moja, na ukikaribia asilimia 75 hesabu inakataa kabisa, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha tofauti ambacho mifuatano miwili isiyo na uhusiano wowote ingekuwa nacho kwa bahati tu. Njia ya uwezekano wa juu kabisa, ambayo Felsenstein aliiwekea hesabu inayotekelezeka mwaka 1981, hubeba modeli ya namna hii ndani yake na kuuliza ni mti upi, ukiwa na matawi ya urefu gani, ungeipa data tuliyonayo uwezekano mkubwa zaidi wa kutokea. Njia za Bayes, zinazokadiria uwezekano wa kila mti kutokana na data, zilizoenea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, zinasimama juu ya hesabu hiyohiyo.

Hata hivyo, makala ya Felsenstein ninayoirudia kuliko zote ni ya mwaka 1978. Alichukua mti wa spishi nne ambamo spishi mbili zisizo ndugu wa karibu zimebadilika kwa kasi kubwa, hivyo zina matawi marefu, na nyingine mbili zimebadilika taratibu. Matawi marefu yamepata mabadiliko mengi, na kwa kuwa herufi ni nne tu, mara nyingi yanaangukia herufi ileile kwa bahati. Ubahili ukiona herufi hizo zinazofanana unazihesabu kama urithi wa pamoja na kuziunganisha spishi hizo mbili. Kinachouma zaidi kimo katika sehemu ya mwisho ya hoja yake: data zikiongezwa, kosa halipungui. Ukiwa na safu 100 unaweza kubahatika kuupata mti wa kweli. Ukiwa na safu 1,000,000 utaupata ule wa uongo kwa uhakika kamili, na butistrapu itakuandikia 100.

Nilidhani huo ni mchezo wa wanahisabati mpaka niliposoma habari za mikrosporidia. Hawa ni vimelea wa seli moja wanaoishi ndani ya seli za wanyama. Wao wenyewe wana kiini cha seli kama sisi, lakini mitokondria, zile ogani zinazoizalishia seli nishati, hazikuonekana ndani yao. Miaka ya 1980 ilitolewa dhana kwamba vimelea hawa, pamoja na wengine wachache, ni masalia ya zama za kabla mitokondria hazijaingia katika seli zenye kiini. Kisha ikaja mifuatano ya RNA ya ribosomu, mtambo wa seli unaotengeneza protini, na miti iliyotokana nayo ikawaweka mikrosporidia chini kabisa, karibu na mzizi wa viumbe wote wenye kiini. Hadubini ilisema hivyo na molekuli zikasema hivyo, nani angebisha?

Wote wawili walikuwa wamepotoka, kila mmoja kwa njia yake. Jeni za mikrosporidia zimebadilika kwa kasi ya ajabu, na ili kupata mzizi wa mti watafiti walitumia bakteria au arkea (viumbe wa seli moja wasio na kiini) kama kundi la nje, yaani jamaa wa mbali wa kulinganishia, ambalo nalo, kwa umbali wake, ni tawi refu kupindukia. Tawi refu likalivuta tawi refu. Miaka ya 1990 jeni nyingine zilizochunguzwa, kama zile za tubulini, protini ya kiunzi cha seli, zikawaweka mikrosporidia pamoja na kuvu, na modeli zilizoboreshwa zikaunga mkono. Mwaka 2002 watafiti wakatangaza kwamba ndani ya mikrosporidia mmoja wameona vijumba vidogo sana vyenye protini ya mitokondria: vimelea hawa walikuwa na mitokondria, zikasinyaa kwa kuishi maisha ya kutegemea seli za wengine. Kisa hiki kinanitisha kuliko kosa langu la hemoglobini, kwa sababu hapa hapakuwa na uzembe. Waliojenga miti ile walichukua jeni sahihi, wakazipanga kwa uangalifu, wakalinganisha matokeo na ushahidi wa aina nyingine, na bado wakafika pasipo.

Wingi wa data ulipokuja na jenomu nzima, wengi walitaraji ugomvi utakwisha. Mwaka 2003 ilichapishwa kazi iliyounganisha jeni 106 kutoka spishi 8 za hamira. Jeni mojamoja zilitoa miti inayogombana, lakini zilipounganishwa zikatoa mti mmoja wenye 100 katika kila tawi. Mwaka uliofuata watafiti wengine walichukua data hizohizo, wakatumia njia nyingine inayokubalika, wakapata mti tofauti, nao ukiwa na 100. Chanzo kilikuwa kwamba baadhi ya spishi zilikuwa na wingi wa herufi G na C kuliko nyingine, na ile njia ya pili ilizikusanya pamoja zenye uwiano uliofanana kana kwamba ni ndugu. Walipozipunguza herufi nne kuwa makundi mawili tu, purini (A na G) na pirimidini (C na T), ugomvi ukatoweka. Nampa kisa hiki kila anayeniambia kwamba data nyingi hujisahihisha zenyewe.

Simbilisi naye alipata misukosuko yake. Mwaka 1991 ilidaiwa kwa ushahidi wa protini, na mwaka 1996 kwa mfuatano mzima wa DNA ya mitokondria, kwamba mnyama huyu si mgugunaji. Spishi zilizolinganishwa zilikuwa chache mno; zilipoongezwa, pamoja na jeni zaidi, simbilisi alirudi nyumbani kwa panya na kindi.

Mengine hata si makosa. Binadamu na sokwe mtu ni ndugu wa karibu kuliko yeyote kati yao alivyo kwa gorila. Hilo halina ubishi tena. Lakini jenomu ya gorila ilipochapishwa mwaka 2012 ilionekana kwamba katika takriban asilimia 30 ya jenomu yake, gorila yuko karibu zaidi na binadamu au na sokwe mtu kuliko hawa wawili walivyo wao kwa wao. Sababu ni kwamba mababu wa spishi hizi walitengana kwa vipindi vilivyofuatana upesi, na aina mbalimbali za jeni zilizokuwamo katika jamii ya mababu zikagawanyika bila kufuata mpangilio wa spishi, kama mirathi ambayo sahani ya bibi huangukia kwa mjukuu wa mbali ilhali vikombe vyake vimekwenda kwa wa karibu. Mti wa jeni na mti wa spishi ni vitu viwili, na anayejenga mti kwa jeni moja anapaswa kusema anajenga upi.

Baada ya yote hayo, utaniuliza ni mti gani ninaouamini. Ninaamini kwamba nyangumi ni jamaa wa kiboko, na nitaeleza kwa nini. Wataalamu wa visukuku kwa muda mrefu walimhusisha nyangumi na wanyama wa kale wenye kwato waliokula nyama, kwa kuangalia meno. Miaka ya 1990 mifuatano ya jeni ikamweka ndani kabisa ya kundi la ng'ombe, nguruwe na ngamia, ubavuni pa kiboko, na hapo mtu angeweza kuuliza kama ni mambo ya matawi marefu tena. Lakini kuanzia mwaka 1997 maabara ya Norihiro Okada nchini Japani ilionyesha ushahidi usiotegemea kuhesabu herufi zilizobadilika: vipande vya DNA vinavyojinakili na kujichomeka kwingineko katika jenomu. Kipande kikishachomeka hubaki, na ni nadra sana vipande viwili kujichomeka mahali pamoja hasa kati ya mabilioni ya nafasi katika spishi mbili tofauti. Nyangumi na kiboko wanashiriki vipande ambavyo ng'ombe, nguruwe na ngamia hawana. Kisha mwaka 2001 vilitangazwa visukuku kutoka Pakistan vya nyangumi wa kale waliokuwa na miguu, na mfupa wa kifundo cha mguu wao ulikuwa na umbo lilelile la kapi mbili linalopatikana kwa wanyama wa kundi la ng'ombe. Herufi, vipande na mfupa vyote vinaweza kukosea, lakini sioni namna vingekosea kwa sababu moja.

Mti wangu wa hemoglobini niliurudia baadaye. Safari hii nilichukua alfa na beta za kila mnyama kati ya wale wanane, nikapata mifuatano 16, nikaijenga upya. Uligawanyika nusu mbili, alfa upande huu na beta upande ule, na ndani ya kila nusu wanyama walewale wakajipanga: wanyonyeshaji pamoja, kuku na bata pamoja, chura nje yao. Ilikuwa kama kusoma nasaba moja mara mbili kutoka katika vitabu viwili. Sungura na mbwa peke yao walibadilishana nafasi katika nusu moja, kwa namba 41, nami sikushughulika nao, kwa kuwa asidi amino mia na ushei hazina habari za kutosha kuamua kila jambo. Tena, kwa kuwa urudufu ulitangulia kutengana kwa wanyama wote hawa, kila nusu inaionyesha nusu ya pili mzizi wake uko wapi, bila kuhitaji kundi la nje. Kwa ujanja huohuo, mwaka 1989 makundi mawili ya watafiti yalitumia jeni zilizorudufiwa kabla ya babu wa viumbe hai wote, yakauweka mzizi wa mti mzima wa uhai kati ya bakteria upande mmoja na arkea pamoja na viumbe wenye kiini upande mwingine. Matawi ya mti ule ni marefu sana, na baada ya mikrosporidia siwezi kuutazama bila kuyapima kwa jicho.

Katikati ya mti wangu, tawi linalotenga alfa na beta lingali na namba 100 ileile ya siku ya kwanza. Pembeni yake nimeandika kwa kalamu: urudufu wa jeni.